Faida Moja, Hesabu Mbili: Tofauti za Kimaana kati ya Viwango vya Kimataifa na vya Marekani vya Uhasibu

Ikisiri

Makala haya yanajadili baadhi ya tofauti zilizopo kati ya viwango vya kimataifa vya uhasibu na vile vya Marekani. Hoja yetu ni kwamba tofauti hizo haziko katika tarakimu pekee, bali zimo pia katika maana za maneno. Kwa sababu hiyo, mwanaistilahi wa Kiswahili hana budi kuujua mfumo ambamo neno limetumika kabla ya kulitafutia kisawe.

1.0 Utangulizi

Vyombo viwili vinavyohusika na suala hili vilianza kazi mwaka 1973: Kamati ya Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu jijini London, na Bodi ya Viwango vya Uhasibu wa Fedha nchini Marekani. Mwaka 2001 nafasi ya Kamati hiyo ilichukuliwa na Bodi ya kimataifa, na mwaka 2002 pande hizo mbili zilikubaliana mjini Norwalk, Connecticut, kupunguza tofauti zao. Zipo zilizopungua: kanuni za mapato yatokanayo na mikataba na wateja, zilizotolewa mwaka 2014, zinakaribia kulingana. Nyingine zingalipo.

Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2004. Hivyo, mwanafunzi wa nchi hizi anayesoma kitabu kilichoandikwa kwa kufuata mfumo wa Marekani huweza kukutana na maneno anayoyafahamu yakiwa na maana asizozitarajia.

2.0 Gharama ya bidhaa

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara ananunua mifuko 100 ya saruji kwa shilingi 10,000 kila mmoja, kisha mingine 100 kwa shilingi 14,000. Anauza mifuko 100 kwa shilingi 16,000 kila mmoja. Akichukulia kuwa iliyoingia kwanza ndiyo iliyotoka kwanza, faida yake ni shilingi 600,000. Akichukulia kuwa iliyoingia mwisho ndiyo iliyotoka kwanza, faida ni shilingi 200,000. Saruji ni ile ile, na fedha mkononi ni zile zile.

Viwango vya Marekani huruhusu njia zote mbili. Vya kimataifa hukataza ile ya pili. Njia hiyo haidumu Marekani kwa sababu za kihasibu tu. Bei zinapopanda, hupunguza faida inayotozwa kodi, na sheria ya kodi ya nchi hiyo humtaka anayeitumia kukokotoa kodi aitumie pia katika hesabu anazowapa wenye hisa. Kuifuta, basi, ni kugusa kodi za makampuni mengi.

3.0 Mali na thamani yake

Katika viwango vya kimataifa, kampuni inaweza kuchagua kuthaminisha upya majengo na mitambo yake. Marekani thamani haipandishwi juu ya gharama ya awali iliyopunguzwa kwa uchakavu. Aidha, mtambo ulioshushwa thamani ukirejewa na manufaa yake, viwango vya kimataifa hutaka punguzo lirudishwe kwa kiwango maalumu. Marekani, punguzo la mtambo unaoendelea kutumika halirudishwi.

Gharama za utafiti huhesabiwa kuwa matumizi katika mifumo yote miwili. Lakini gharama za uendelezaji wa bidhaa mpya, zikitimiza masharti, huwa mali katika viwango vya kimataifa, ilhali Marekani kwa kawaida hubaki kuwa matumizi, isipokuwa katika maeneo machache kama programu za kompyuta. Neno "mali" lina mipaka miwili.

4.0 Tatizo la "yamkini"

Tofauti inayomhusu zaidi mwanaisimu ni ya dhima zisizo na hakika, kama vile fidia ya kesi ambayo haijaamuliwa. Mifumo yote miwili hutaka dhima iandikwe endapo malipo yana uwezekano wa kutokea, na yote hutumia neno lile lile la Kiingereza. Hata hivyo, katika viwango vya kimataifa neno hilo lina maana kwamba uwezekano wa kutokea umezidi ule wa kutotokea. Marekani, kiwango kinachotakiwa huchukuliwa kuwa cha juu zaidi.

Hata kiasi hutofautiana. Fidia ikikadiriwa kuwa kati ya shilingi milioni 20 na milioni 60, pasiwe na kadirio lililo bora kuliko jingine, viwango vya kimataifa huandika katikati, yaani milioni 40. Vya Marekani huandika cha chini, milioni 20.

Kiswahili kina "huenda", "yamkini" na "yaelekea". Mawili ya mwanzo ni hafifu mno kwa kazi hii. "Yaelekea" linafaa kwa mfumo wa kimataifa likiandamana na fasili; kwa mfumo wa Marekani linahitaji kuongezewa nguvu, kwa mfano "yaelekea sana".

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba "faida", "mali" na "yaelekea" hubeba maana kulingana na viwango vinavyofuatwa. Tunapendekeza kila kidahizo cha uhasibu katika kamusi zetu kitaje mfumo kinakotoka. Kisawe kisicho na mfumo humpa msomaji neno na kumnyima hesabu, na anayeamua kukopesha au kununua hisa kwa kuitegemea hesabu hiyo ndiye atakayelipa tofauti.