MSHALE JUU YA CHUMA CHA ZAMANI

Huenda nyumbani kwenu pana shoka, sururu au panga kuukuu lililopigwa chapa ya mistari mitatu inayokutana mahali pamoja, mfano wa unyayo wa ndege. Huo ni mshale wa Serikali ya Uingereza, uliopigwa juu ya mali yake ili wezi wasiiuze. Katika kuusoma mimi hufuata mambo matatu, nami nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu.

Kwanza, natazama herufi. Mshale uliosimama kati ya W na D ni wa Idara ya Vita ya Uingereza. Ukiwa ndani ya C, chombo ni cha Kanada. Ukiwa ndani ya U, ni cha Muungano wa Afrika Kusini. Ukiwa kati ya D mbili, ni cha Australia. Jeshi la Marekani halikutumia mshale, bali herufi U.S.

Pili, natafuta mwaka, ambao mara nyingi hupigwa karibu na mshale. Lakini huo ni mwaka wa kufuliwa, si wa kutumiwa. Sururu ya 1917 yaweza kuwa ilichimba mahandaki hata katika vita vya 1939 hadi 1945.

Tatu, naangalia kama mishale ni miwili iliyogusana ncha kwa ncha, mfano wa nyota. Maana yake chombo kilitolewa katika mali ya Serikali, kikauzwa kwa haki. Hata hivyo, vingi viliuzwa baada ya vita bila kupigwa mshale wa pili. Basi mtu asimwite babu yake mwizi kwa kuona mshale mmoja! Wala si kila mshale ni wa jeshi: wafungwa wa Uingereza walivikwa nguo zenye mishale hiyo hadi 1922.

Kutu ikificha chapa, usitumie tupa wala msasa, maana utafuta habari unayoitafuta. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ukaushe, kisha paka chaki na kufuta juu. Chaki itabaki ndani ya mistari.

Lakini ukikuta kombora au bomu la zamani, usilisogelee ili kusoma chapa. Ondoka hapo, uwakataze wenzako, ukawaarifu polisi. Elimu ya chapa ni ya majembe na mapanga. Haifai kumgharimu mtu mkono wake.