Treni ya abiria kwenye reli ya mizigo: Nani analipa, nani anafaidika?

OKTOBA 29, 2012 treni mbili za abiria zilianza kazi ndani ya Jiji la Dar es Salaam. Moja, ya Kampuni ya Reli Tanzania (TRL), ilitoka Stesheni katikati ya jiji hadi Ubungo Maziwa. Nyingine, ya TAZARA, ilitoka kwenye stesheni yake hadi Mwakanga. Hakuna reli mpya iliyotandikwa. Njia zilikuwapo, zikipitisha mizigo na treni za safari ndefu, na tawi la Ubungo lilihudumia zaidi viwanda na maghala. Kilichofanyika ni kukarabati vichwa na mabehewa, kuweka vituo na kupanga ratiba ya asubuhi na jioni. Wananchi hawakuchelewa kuipa jina: "treni ya Mwakyembe", wakimkusudia Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe.

Kwa mfanyabiashara, treni hiyo ni somo la hesabu. Kila jiji lenye foleni na lenye reli ya mizigo hufikia hoja moja: reli ipo, kilichobaki ni kuweka mabehewa. Hoja hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayowaponza wengi.

Reli iliyopo si reli ya bure

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Fedha zilizotumika wakati ule hazirudi, abiria wapande au wasipande. Kwa hiyo katika kuamua jambo jipya, gharama hiyo haihesabiwi. Hapo ndipo penye unafuu.

Lakini uamuzi mpya unaleta gharama zake. Mfuko wa saruji haulalamiki treni ikienda kwa mwendo wa kinyonga. Hauhitaji jukwaa, taa, choo wala mkata tiketi. Abiria anavihitaji vyote hivyo, tena kila baada ya kilometa chache. Mataruma yaliyochoka yanayovumilika kwa treni moja ya mizigo kwa siku hayavumiliki kwa treni nyingi zilizojaa watu. Na kila mahali barabara inapokatiza reli panahitaji mlinzi au geti.

Dar es Salaam ina gharama nyingine isiyoonekana kwa haraka. Reli ya TRL ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA milimita 1,067. Behewa la huku haliwezi kwenda kule. Jiji moja, huduma moja, lakini karakana mbili na stoo mbili za vipuri.

Uingereza nako bei ilipanda

Anayedhani tatizo hilo ni la nchi maskini atazame kaskazini mwa Uingereza. Njia ya Newcastle hadi Ashington, yenye urefu wa karibu kilometa 29, ilifungwa kwa abiria mwaka 1964 ikabaki ya mizigo. Ilifunguliwa tena kwa abiria Desemba 15, 2024. Reli ilikuwapo muda wote huo. Hata hivyo, makadirio ya gharama yalipanda kutoka pauni milioni 166 hadi pauni milioni 298.5, na siku ya ufunguzi ni vituo viwili tu vipya kati ya sita vilivyokuwa tayari.

Fedha zililiwa na vituo, ishara, makutano ya reli na barabara, na matengenezo ya njia. Upande wa mapato, nauli ya kwenda tu kati ya miji hiyo miwili ilianza kwa pauni 3 au pungufu. Kwa nauli ya namna hiyo hakuna anayetarajia tiketi zirudishe mtaji. Serikali ililipa ikijua hivyo, ili watu wa miji iliyokuwa ya makaa ya mawe wafike kwenye ajira mjini.

Dar es Salaam ilichagua njia nyingine: anza na kilichopo, kidogo kidogo. Faida yake ni kwamba huduma ilianza haraka na kwa mtaji mdogo. Hasara yake ni kwamba uwezo nao ulikuwa mdogo.

Hesabu ya siku moja

Chukulia mfano ufuatao, ambao tarakimu zake ni za kujifunzia tu. Treni ina mabehewa 6, kila moja linabeba watu 100. Asubuhi inaingia mjini na abiria 600 na kurudi na 60, kwa kuwa hakuna anayetoka mjini saa hiyo. Jioni mambo yanageuka. Kila mzunguko una abiria 660. Kwa mizunguko 6 kwa siku ni abiria 3,960. Nauli ikiwa Sh. 500, mapato ni Sh. 1,980,000.

Dizeli na posho kwa mzunguko mmoja ni Sh. 250,000, yaani Sh. 1,500,000 kwa siku. Ziada ni Sh. 480,000. Mwanasiasa akiishia hapo atatangaza faida. Mhasibu ataongeza gharama za kudumu: matengenezo ya njia, uchakavu wa mabehewa, walinzi na mishahara ya mwezi. Zikiwa Sh. 900,000 kwa siku, treni inapata hasara ya Sh. 420,000.

Dawa inayokimbiliwa ni kupandisha nauli. Kwa abiria hao hao, nauli ya Sh. 610 ingeziba pengo. Lakini abiria mmoja kati ya watano akirudi kwenye daladala, wanabaki 3,168 na mapato yanashuka hadi Sh. 1,932,480. Nauli imepanda, hasara imeongezeka hadi Sh. 467,520. Penye njia mbadala, bei haipangwi na muuzaji peke yake. Kwa treni ya Ubungo njia mbadala iliongezeka Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kupita Barabara ya Morogoro.

Mzigo nao unataka njia

Ipo gharama isiyoandikwa kwenye kitabu chochote. Njia ikiwa moja, treni mbili zinapishana kwenye stesheni au kwenye njia ya kupishia tu. Treni ya abiria ikipewa saa za asubuhi, treni ya mizigo inasubiri. Makontena yanachelewa, na mwenye mzigo analipia siku za ziada au anahamia kwenye malori.

Mzigo ndio unaolipa vizuri zaidi. Shirika likimnyima nafasi mteja anayelipa ili kumbeba anayelipa kidogo, tofauti hiyo ni gharama ya treni ya abiria, hata kama mhasibu hakuiandika. Wafanyabiashara wanaopitisha bidhaa bandarini wana haki ya kuuliza ratiba imepangwaje kabla ya kupiga makofi.

Faida inakwenda wapi?

Je, treni inayopata hasara haifai? La hasha. Katika mfano wa hapo juu, kila abiria akiokoa nusu saa, jiji linaokoa saa 1,980 kwa siku. Thamani hiyo haipiti kwenye dirisha la tiketi. Inakwenda kwa mwajiri ambaye wafanyakazi wake wanafika mapema, kwa mwenye nyumba ya kupangisha karibu na kituo, kwa mama lishe na kwa muuza vocha aliye kwenye njia ya abiria.

Kiini cha jambo ni hapo. Gharama zinabaki kwa shirika la reli, faida inatawanyika kwa watu ambao hawadaiwi kitu. Serikali isipofidia pengo hilo kwa fungu linalojulikana, shirika litalifidia kwa kuacha kutengeneza. Leo behewa moja limeharibika, kesho treni imechelewa, keshokutwa abiria wamezoea daladala. Huduma haifungwi kwa tangazo, inakufa taratibu.

Mwekezaji mdogo aangalie nini?

Mabadiliko yanaendelea. Mwaka 2016 TRL iliongeza treni ya Pugu, mwaka 2017 sheria mpya ilirudisha Shirika la Reli Tanzania (TRC), na Juni 2024 treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Kadiri reli mpya inavyochukua kazi, swali la matumizi ya reli ya zamani ndani ya jiji litarudi mezani. Mwenye fedha kidogo anayetaka kununua kiwanja au kufungua duka karibu na kituo ajiulize mambo manne.

Kwanza, treni inapita mara ngapi kwa siku? Kituo chenye treni asubuhi na jioni tu kina wateja wa saa chache, na pango lilingane na saa hizo.

Pili, nani anafidia hasara, na fungu hilo liko kwenye bajeti au kwenye hotuba?

Tatu, je, kiwanja kiko nje ya hifadhi ya reli? Kibanda kilicho ndani ya hifadhi kinaweza kubomolewa siku yoyote, hata kama kimelipiwa leseni ya biashara.

Nne, abiria ana njia gani nyingine? Barabara ikipanuliwa au basi jipya likianza, wateja wa kituo nao wanahama.

Reli ya zamani ni kama nyumba ya urithi. Mrithi hakulipia ujenzi wake, lakini paa likivuja, anayelipa fundi ni yeye.