Kupima kondasateri: kitenzi kimoja, maswali matatu

Nilipokuwa nikiandaa faharasa ya maneno ya mafundi wa redio, niliandika hivi: «Kupima kondasateri: kujua kama ni nzima au mbovu.» Fundi mmoja aliisoma, akacheka: «Mdogo wangu, unaipima kwa kifaa gani?» Swali lake lilibomoa maelezo yangu.

Kondasateri, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita kapasita, huhifadhi chaji. Ile ya elektroliti, yenye majimaji ndani, huharibika hasa kwa njia tatu, na kila njia ina kifaa chake.

Kwanza, uwezo hupungua. Iliyoandikwa mikrofaradi 1000 inasoma 400. Hapa hutumika kipimauwezo, ambacho multimeta nyingi zinacho. Lakini ni lazima kung'oa angalau mguu mmoja kwenye bodi, kwani vipande vya jirani huvuruga kipimo.

Pili, majimaji hukauka na ukinzani wa ndani hupanda. Mara nyingi uwezo bado unasoma vizuri, na kipimauwezo hutoa ushahidi wa uongo. Hapa panahitajika kifaa cha ESR, herufi zinazotaja ukinzani huo. Hutuma mkondo geu, kwa kawaida wa kilohezi 100 hivi, kwa volti ndogo isiyoamsha transista wala diodi. Ndiyo sababu hupima bila kung'oa kitu. Tahadhari moja: kondasateri mbili zikiungwa sambamba, nzima huificha mbovu.

Tatu, inapiga shoti. Kifaa cha ESR kitasoma karibu sifuri, na fundi ataisifu kondasateri iliyokufa. Multimeta ya kawaida, kwenye omu, huifichua.

Kwa hiyo mwenye multimeta na fedha za kifaa kimoja tu, anunue cha ESR. Kabla ya kupima, azime mashine, aichomoe, kisha aondoe chaji kwa kipande cha ukinzani, si kwa bisibisi: umeme wa volti 220 ukigeuzwa kuwa mnyofu huacha takriban volti 310 ndani ya kondasateri.

Faharasa yangu sasa ina maelezo matatu chini ya «kupima»: inahifadhi kiasi gani? inakinza kiasi gani? imepiga shoti? Sisi watunga istilahi tukiyachanganya, anayepoteza fedha ni fundi.