Dondoo muhimu: Samaki wako asiruke nje ya tangi

Samaki wa mapambo huruka akikosa hewa, akishtuka, maji yakichafuka au akifukuzwa na wenzake. Kwa wafugaji wa Bulyanhulu, Kakola na Kahama:

- Funika tangi. Wavu wa dirishani uliokazwa kwenye fremu ya mbao unatosha, kwani hupitisha hewa. Ziba na upenyo wa nyaya na mpira wa pampu. Kambale mdogo hupenya hapo.
- Usijaze hadi juu. Acha sentimita 5 hadi 8 chini ya ukingo.
- Badili maji kidogo kidogo, kama robo kwa wiki. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kwanza.
- Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa hupungua. Chota maji kwa kikombe, uyamimine tena tangini mara kwa mara.
- Weka mawe ya kujifichia. Furu dume ni mgomvi, hufukuza wadogo.
- Usigonge kioo wala kuwasha taa ghafla gizani.
- Ukimkuta samaki sakafuni angali hai, lowesha mikono, mrudishe upesi.

Tengeneza kifuniko kwanza, ndipo ununue samaki.