Dondoo muhimu: Unga wa protini unyweke

Ladha mbaya ya unga wa protini ina vyanzo vyake. Protini iliyovunjwavunjwa ili imeng'enywe haraka huwa chungu. Ya njegere huacha ukakasi na harufu ya maharage mabichi. Vitamu bandia kama sukralosi huacha utamu usiotoka ulimini. Kama hivyo ndivyo vinavyokukera, nunua unga usiotiwa ladha, uutie utamu mwenyewe.

Maji matupu hayafichi kitu. Tumia maziwa baridi, uyamimine kabla ya unga, la sivyo utakuta madonge yameganda chini ya chupa. Saga pamoja na ndizi mbivu, kijiko cha siagi ya karanga na iliki kidogo. Chumvi nayo isikose: chembe chache tu, za kubana kwa vidole viwili, hufifisha uchungu.

Unga utokanao na maziwa usiutie kwenye uji unaochemka; utakatika vipande. Epua, acha upoe hadi vuguvugu, ndipo ukoroge.

Unga ukinuka kama mafuta yaliyochacha, utupe. Na kama bado haunyweki, usijitese: mayai, maharage na dagaa vinawatosha watu wengi.