Wiki sita bila kokeini, mbona bado anaitamani?

Swali: Daktari, mdogo wangu ameacha kokeini wiki sita sasa. Juzi tulipopita Kondele, karibu na klabu alikokuwa akiinunua, alitokwa jasho na kutetemeka. Je, ananidanganya?
Dada mtu, Nyalenda, Kisumu

Jibu: Hakudanganyi, dada yangu. Tunapofurahi, hata kwa sahani ya samaki na ugali pale Dunga, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, kisha huirudisha ilikotoka. Kokeini huziba njia hiyo ya kurudi. Dopamini hufurika, na ubongo, ili ujikinge, hupunguza vipokezi vya dopamini. Ndiyo maana aliyeacha huona dunia imechuja: chakula, muziki wa benga, hata watoto, hakuna kinachomchangamsha. Hilo hupungua kwa miezi, si kwa siku. Kumbukumbu za mahali hudumu zaidi, nazo ndizo zilizomtetemesha pale Kondele, kwa hiyo kwa sasa mpitisheni njia nyingine.

Mtumiaji wa heroini ana dawa ya methadoni. Kokeini haina dawa iliyoidhinishwa. Kinachosaidia ni ushauri nasaha, pamoja na zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi. Watu huucheka mpango huo wa zawadi. Mimi nauamini, maana utafiti unauunga mkono kuliko mingine.

Pombe nayo aiache: ikikutana na kokeini, ini hutengeneza kokaethilini, sumu ya moyo. Akiteleza mara moja, msimfukuze. Akishikwa na maumivu ya kifua, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Kwa ushauri, piga 1192, nambari isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.