Mpangaji mpya anatutia hofu

Swali: Mpangaji mmoja hapa Nkuhungu hutoka usiku na kurudi alfajiri na mabegi. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wanasema anaiba watoto, na vijana wameanza kumvizia. Nina mtoto wa darasa la pili. Nifanyeje? – Mama, Nkuhungu

Jibu: Dada yangu, hofu ya mzazi naielewa, ila leo wanaonitisha zaidi ni hao vijana. Si mbali na kwenu, Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Oktoba 2016, watafiti wa kilimo kutoka Selian, Arusha, walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Yowe likapigwa kuwa ni wanyonya damu. Watafiti wawili na dereva wao wakauawa. Walioua hawakuwa majambazi, ni wanakijiji walioitikia yowe. Na yowe, ambalo siku nyingine huokoa ng'ombe, lina ubaya wake: kila anayefika anaamini aliyemtangulia ameshahakikisha.

Kwa hiyo uliza kwenye kundi: nani amemwona na mtoto wa watu? Mtoto wa nani, siku gani? Nadhani utajibiwa "tumesikia" tu. Walinzi, wauguzi na wachuuzi wanaowahi mzigo sokoni nao hutoka usiku.

Kisha mwone balozi wako, mwende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye nyumba aitwe, aeleze amempangisha nani na anafanya kazi gani. Akishindwa kueleza, suala liende polisi. Kuhusu vijana, mwambie mwenyekiti leo hii, kabla giza halijaingia.